Chipukizi la Jirani na Afya ya Mgomba

Katika nchi za Maziwa Makuu hakuna zawadi iliyo rahisi kutolewa kama chipukizi la mgomba. Kijana aliyeoa na kukatiwa kipande cha ardhi huanza maisha yake kwa machipukizi ya baba, ya mjomba na ya jirani. Chipukizi hilo halilipiwi, halipimwi, wala haliandikwi katika daftari lolote. Kwa njia hiyo migomba imeenea Bukoba, Karagwe, Rungwe na katika miteremko ya Kilimanjaro bila duka la mbegu wala wakala. Desturi hiyo ni njema, na haistahili kudharauliwa na mtu yeyote kwa sababu tu amekaa darasani. Lakini ni desturi hiyo hiyo ambayo kwa vizazi kadhaa imebeba fukusi na minyoo ya mizizi kutoka shamba hadi shamba, na ambayo tangu mwanzoni mwa karne hii inabeba pia bakteria wa mnyauko.

Kwa hiyo elimu ya kilimo cha migomba itolewayo katika shule za sekondari haina budi kubadili mkazo wake. Aghalabu mwanafunzi hukaririshwa vipimo: shimo la sentimita 60 kwa 60, nafasi ya mita 3 kati ya shina na shina, debe moja au mawili ya samadi iliyooza, kupanda mwanzoni mwa mvua. Vipimo hivyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba mkulima wa Kagera au wa Marangu alikwisha kuyajua mambo hayo, au yaliyo karibu nayo, kabla shule haijajengwa. Jambo asilolijua ni lile lisiloonekana kwa macho, ambalo sayansi peke yake ndiyo iwezayo kumweleza: usafi wa chipukizi na usafi wa panga. Hapo ndipo mwalimu anapokuwa na kitu cha kumfundisha mzazi kwa kupitia mtoto wake.

Yafaa kuanza na mmea wenyewe. Mgomba si mti, ijapokuwa watu wote huuita hivyo. Kile kinachosimama juu ya ardhi na kuitwa shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana; ukiukata katikati utayaona yamepangana kama ya kitunguu. Shina la kweli ni tunguu lililofukiwa ardhini, na katika macho ya tunguu hilo ndipo machipukizi yanapotoka. Migomba ya kupika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na kwa sababu hiyo haizai mbegu ila kwa nadra sana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba aina zake nyingi, zenye majina tele katika Kihaya, Kiganda na Kinyankole, zinafanana mno katika asili yake, kana kwamba zote zimetokana na mmea mmoja wa kale uliogawanywa mkono kwa mkono.

Maana ya jambo hilo kwa afya ya zao ni kubwa. Mahindi huanza upya kila msimu katika punje, na maradhi mengi ya mmea mzazi hayapiti katika punje hiyo. Chipukizi, kinyume chake, ni kipande cha mwili wa mama. Lolote lililokuwa ndani ya mama, liwe yai la mdudu, mnyoo au bakteria, lina njia ya kuingia katika shamba jipya likiwa limefichwa katika tunguu na mizizi. Asili haikuweka chekecheo hapo. Chekecheo hilo hana budi kuliweka mkulima.

Fukusi wa migomba, ambaye jina lake la kisayansi ni Cosmopolites sordidus, ni mfano mzuri. Ni mdudu mweusi mwenye urefu wa kiasi cha sentimita moja na mdomo mrefu uliopinda. Hutembea usiku, mchana hujificha katika unyevu wa maganda na matandazo. Mbawa anazo, lakini ni nadra kuruka. Jike hutaga mayai yake moja moja, machache, kwenye sehemu ya chini ya mgomba, na buu anayeanguliwa huchimba njia ndani ya tunguu hadi likawa kama mbao iliyoliwa na mchwa. Asili ya mdudu huyu ni Asia ya kusini-mashariki, kama ilivyo asili ya migomba yenyewe. Mwanafunzi mwerevu atauliza: mdudu asiyeruka, atembeaye mita chache tu kwa usiku mmoja, amewezaje kufika Afrika na hata Amerika? Jibu ni kwamba hakufika kwa miguu yake. Alibebwa na watu, akiwa yai au buu ndani ya tunguu.

Mnyoo wa mizizi, Radopholus similis, ni mdogo zaidi. Urefu wake haufiki milimita moja. Huingia katika mzizi na kuua chembe zake, na mzizi uliopasuliwa kwa kisu huonyesha mabaka mekundu yanayogeuka kuwa meusi. Mkulima humwona mnyoo huyu siku moja tu, nayo ni siku ya upepo. Mgomba wenye mkungu uliokaribia kukomaa hulala chini, mizizi mifupi iliyooza ikielekea juu. Mwenye shamba hulaumu upepo. Ikiwa mgomba umeng'oka pamoja na mizizi yake, aghalabu lawama ni ya minyoo. Ikiwa umevunjika penye tunguu na tunguu hilo lina mashimo, ni fukusi. Tofauti hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kufundishwa kwa dakika tano, ina thamani kuliko kukariri orodha nzima ya wadudu waharibifu.

Dawa ya wageni hawa wawili haihitaji fedha nyingi. Chipukizi lenye majani membamba mfano wa sime huchaguliwa, kwa kuwa limeshikamana vema na mama na tunguu lake limeshiba. Lile lenye majani mapana lingali dogo huachwa, kwani ni dhaifu. Mizizi yote hukatwa, kisha tunguu humenywa kwa kisu kama muhogo mpaka likabaki jeupe. Penye njia nyeusi ya buu hukatwa zaidi, na tunguu lililoliwa sana hutupwa mbali na shamba. Kumenya huko hufanywa kulekule chipukizi lilikong'olewa, si kando ya shimo jipya, maana maganda yake ndiyo mzigo wenyewe wa maradhi. Baada ya hapo tunguu hutiwa katika maji ya moto.

Kuhusu maji hayo vitabu vingi vinataja nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi kwa muda wa dakika 20. Kipimo hicho ni sawa maabarani. Kijijini ni mzaha. Nani ana kipimajoto, na nani atakaa dakika 20 akiongeza na kupunguza kuni ili maji yasishuke chini ya nyuzi 50 na kuwaacha minyoo hai, wala yasizidi sana na kuua macho ya chipukizi? Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walilijua tatizo hilo, wakaonyesha kwamba tunguu lililomenywa vizuri laweza kuzamishwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Joto haliwahi kufika katika moyo wa tunguu, lakini hufika katika tabaka la juu ambamo minyoo hukaa. Maji yanayochemka kila mtu anayatambua kwa macho, na sekunde 30 huhesabiwa kwa mdomo. Hiyo ndiyo sayansi inayofaa kupewa nafasi katika vitabu vya shule.

Yupo atakayepinga. Atasema kwamba viko vibanja Bukoba vilivyorithishwa kutoka babu hadi mjukuu, wala hakuna aliyepata kuchemsha chipukizi. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake linapatikana katika historia ya udongo. Karibu na ziwa, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2000, udongo huoshwa virutubisho vyake na kuwa na asidi. Rutuba ya kibanja haikutoka katika ardhi iliyo chini yake, ililetwa. Ng'ombe walilishwa katika mbuga za rweya, wakalala nyumbani, na samadi yao ikatiwa migombani. Nyasi za rweya zilikatwa na kutandazwa. Kwa hiyo kibanja kilikuwa kama kisiwa cha rutuba kilichojengwa kwa mikono, na mgomba ulioshiba uliweza kuvumilia fukusi wachache. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi, na tangu hapo wakulima wengi wamelima bila samadi ya kutosha. Siku hizi, mkungu unapopakiwa katika lori kwenda mjini, potasiamu nyingi huondoka nayo wala hairudi, kwani maganda yake hutupwa katika jalala la huko. Mgomba wenye njaa na mdudu kwa pamoja hauna uvumilivu ule wa zamani.

Kule Kilimanjaro hali ni tofauti kidogo. Udongo wa volkano una akiba kubwa zaidi, na katika kihamba ng'ombe hufungwa zizini na kulishwa mabua na majani ya migomba, kisha samadi hurudi shambani. Mzunguko huo ungefaa kuchorwa ubaoni kabla ya mchoro wowote wa mzunguko wa nitrojeni. Hata matandazo, ambayo husifiwa kila mahali, yana masharti: hutunza unyevu na kuzuia mmomonyoko, lakini yakilundikwa hadi kugusa mgomba humpa fukusi nyumba. Yaachwe umbali wa hatua moja ndogo. Na jembe lisizamishwe karibu na shina, maana mizizi mingi ya mgomba iko katika sentimita 30 za juu.

Juu ya kupunguza machipukizi hakuna haja ya maneno mengi. Mama, mtoto na mjukuu wanatosha katika shina moja. Familia kubwa kuliko hiyo huzaa mikungu midogo.

Hata hivyo yote yaliyotajwa ni mepesi yakilinganishwa na mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 katika ensete, ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 ukaonekana huko katika migomba yenyewe. Kwa miaka mingi ulikaa huko. Mwaka 2001 uligunduliwa Uganda, na mwaka 2006 ukawa umevuka na kuingia Kagera. Majani hunyauka na kuwa ya manjano, ua dume husinyaa, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na zikikatwa huonekana rangi ya kutu ndani. Bua lililokatwa hutoa utomvu wa manjano. Ndizi hizo hazipikiki. Hakuna mgomba wowote unaolimwa ambao umethibitika kuwa na kinga kamili, na hakuna dawa ya kunyunyizia. Maji ya moto hayasaidii, kwa sababu bakteria wako katika mishipa ya mmea wote na si katika ganda la tunguu peke yake. Chipukizi kutoka shamba lenye mnyauko lisichukuliwe kabisa, hata likitolewa na mzazi.

Njia zake za kuenea ni tatu zilizo kuu. Ya kwanza ni hilo chipukizi. Ya pili ni wadudu, wakiwamo nyuki, wanaotembelea maua dume ya mgomba mgonjwa na kubeba bakteria hadi kwenye makovu mabichi ya ua la mgomba mzima. Ya tatu ni panga. Mkulima mwenye bidii, anayepita asubuhi akipogoa majani na kupunguza machipukizi, anaweza kuambukiza mashina mengi kwa siku moja kuliko nyuki wote wa kijiji. Ni jambo la kusikitisha kwamba ugonjwa huu huwaadhibu wenye bidii kwanza, na huenda ndiyo sababu ushauri wa wataalamu ulichelewa kuaminika: mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba shamba chafu ni aibu, huambiwa ghafla kwamba panga lake la usafi ndilo linaloua.

Ua dume liondolewe mara chane la mwisho linapokuwa limetoka, nalo liondolewe kwa mti wenye panda, kwa kulisokota, pasipo chuma kugusa utomvu. Wapo wakulima wanaoamini kwamba kufanya hivyo kunaharibu mkungu. La, hakuna madhara. Panga nalo lipitishwe motoni, au katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo, kabla ya kuhamia shina jingine. Anayeona kazi hiyo inachosha na awe na mapanga mawili, moja likiwa motoni na jingine mkononi.

Lakini lenye mafunzo makubwa zaidi kwa darasa la sayansi ni jinsi ushauri wenyewe ulivyobadilika. Mwanzoni mkulima aliagizwa kung'oa shina zima, pamoja na machipukizi yanayoonekana mazima, na kulifukia. Kazi hiyo yahitaji vibarua, na kwa familia inayokula ndizi kila siku ni sawa na kuambiwa ibomoe ghala. Wengi hawakutii. Baadaye watafiti walichunguza upya wakaona kwamba bakteria hawaingii katika machipukizi yote ya shina moja, na tena hawadumu muda mrefu udongoni. Basi ikapendekezwa kukata ule mgomba mmoja ulioonyesha dalili, usawa wa ardhi, na kurudia ukaguzi mara kwa mara huku maua dume yakiondolewa na mapanga yakichomwa. Shamba zima likifanyiwa hivyo bila kukosa, ugonjwa hupungua sana katika muda wa miezi. Mwanafunzi aoneshwe hapo kwamba wataalamu hawakudanganya mara ya kwanza. Walikuwa na ujuzi pungufu, wakauongeza kwa kuchunguza. Na aoneshwe pia kwamba mkulima aliyekataa kung'oa shamba lake lote hakuwa mjinga.

Husemwa kwamba aina mpya zitamaliza matatizo haya yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aina zilizozalishwa Honduras, kama FHIA-17 na FHIA-23, zilisambazwa Kagera, na watu walizipokea kwa ukubwa wa mikungu yake. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambayo ina kituo Maruku karibu na Bukoba, ilitoa aina chotara zinazoitwa TARIBAN, zenye kuvumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Miche ya maabara nayo hutoka ikiwa haina fukusi wala minyoo. Yote hayo yastahili sifa. Ila mche safi uliopandwa katika shimo la shina lililokufa kwa minyoo utakuwa na minyoo kabla haujazaa, kwani usafi si kinga. Heri ardhi hiyo ipumzishwe kwa kulimwa maharage au viazi vitamu kwa mwaka mmoja au zaidi, maana mnyoo huyu hawezi kuishi muda mrefu pasipo mizizi aipendayo. Na aina mpya itakayogawanywa kwa panga chafu itasambaza mnyauko sawasawa na ile ya kale.

Hapo ndipo shule inapoingia. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunza na kuzalisha. Katika shule nyingi limegeuka kuwa mahali pa adhabu. Anayechelewa hupelekwa kupalilia migomba, na somo analopata ni kwamba mgomba ni mateso. Wakati huohuo, ndani ya darasa, mwalimu wa baiolojia hutafuta mfano wa uzazi usio wa kijinsia katika kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya nchi nyingine, ilhali mfano wenyewe unaota nje ya dirisha.

Yapo mazoezi yasiyohitaji chombo chochote cha gharama. Bua la mgomba uliovunwa hukatwa vipande vya sentimita 30, kila kimoja hupasuliwa katikati kwa urefu, na nusu hizo hulazwa kando ya mashina, upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya siku mbili au tatu fukusi wamekusanyika chini yake, wakivutwa na harufu. Wahesabiwe. Wakitakiwa kujua idadi ya shamba zima, wanafunzi wawatie fukusi alama ndogo ya rangi mgongoni na kuwaachia. Tuseme wametiwa alama fukusi 60. Baada ya siku kadhaa wananaswa 50, na kati yao 12 wana alama. Kwa kuwa 12 katika 50 ni sawa na 60 katika idadi yote, fukusi wa shamba hilo wakadiriwa kuwa 250. Hapo hesabu za uwiano zimekutana na kilimo, na mwanafunzi aliyedhani uwiano ni jambo la ubaoni ameuona ukitembea kwa miguu sita. Vivyo hivyo vipande vitano vya mizizi, kila kimoja cha sentimita 10, vikipasuliwa na mabaka yake kukadiriwa kwa asilimia, vitaeleza hali ya minyoo kuliko hotuba ya saa nzima.

Na shule ikisha kuwa na shamba safi, iwe ghala la machipukizi ya kijiji. Desturi ya zawadi ibaki kama ilivyo, ila zawadi itoke ikiwa imemenywa. Mwanafunzi anayehitimu apewe machipukizi mawili au matatu kwenda nayo kwao. Huenda mama yake atashangaa kuliona tunguu jeupe lisilo na mzizi hata mmoja, akadhani limekufa. Mwanafunzi huyo atakuwa na jambo la kumweleza. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu latosha kuchemshia machipukizi ya darasa zima kwa asubuhi moja, kuni zikiwapo, pamoja na kikapu cha kuyazamishia na mtu mmoja wa kuhesabu hadi 30.